Mlioniambia draya yangu niiuze chuma chakavu, njooni msome

Wakuu, assalaam alaykum. Wasiokuwa Waislamu, hamjambo. Vijana mtakaoniamkia kule chini, marahaba, nshaipokea mapema ili tusipoteze muda.

Mie ni yule bibi wa Mji Mkongwe aliyeandika humu Jumanne kuuliza khabari ya draya. Mlinicheka. Nimeyasoma yote, moja moja, sikuruka.

Nnaandika kwa kidole kimoja. Kusoma nimesomea chuoni, msahafu, na herufi hizi nimezijulia ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima. Mkiona neno limepinda, linyosheni wenyewe muendelee. Lakini ninayoyasema hapa sikuhadithiwa na mtu. Nimeyashika kwa mikono yangu, na kidole kimoja bado kina lengelenge.

Kwanza kwa wasiojua. Draya ni mashine ya kukausha nguo. Haifui. Unatia nguo iliyokwisha kufuliwa na kukamuliwa, inazunguka ndani ya pipa, inapigwa hewa ya moto, inatoka kavu. Ile hewa ikishanyonya maji ya nguo inatoka nje kwa bomba. Shikeni hapo kwenye bomba, tutarudi.

Sasa mmoja aliuliza, "Bibi wa Zanzibar na jua lote lile anataka draya ya nini?"

Mwanangu, wewe hujakaa Unguja wakati wa masika.

Masika yakishika, nguo unaianika Jumamosi unaianua Jumatano, na bado ukiibana mkononi inalia. Nyumba zetu hizi kuta zake ni nene, mawe na chokaa, ndani jua haliingii hata kiangazi. Shuka ikilala na maji siku mbili inashika uvundo, na uvundo ukishaingia unafua upya toka mwanzo.

Na mie sifui nguo zangu tu. Mie na mwenzangu tunafua mashuka ya nyumba moja ya wageni hapa mjini, vyumba tisa. Mashuka, foronya, mataulo. Ndiyo kazi yetu. Tulianza kwa mikono na beseni, watoto wakiwa wadogo, na miaka yote ile hatukuwahi kumrudishia mtu shuka mbichi.

Mwenzangu ni Bi Mize. Bi Mize ni mke mwenza wangu.

Naam, mmesoma sawa. Mume wetu alimuoa Mize miaka kumi na miwili baada yangu, akamtoa Mkokotoni akamleta mjini. Miaka mingi hatukusemeshana ila kwa vijembe. Mume akafa, Mungu amrehemu, tukabaki wawili na nyumba moja, kila mmoja amenuna chumbani kwake. Siku moja beseni langu likapasuka. Mize akanisukumia lake kwa mguu, bila ya kusema neno. Toka siku ile tunafua pamoja. Vijembe hatukuviacha, lakini sasa tunapigana navyo huku tunakamua shuka, mmoja kashika huku na mwengine kule.

Hiyo draya tuliipata kwa mgeni mmoja aliyekuwa na nyumba ya kulaza watu Kiwengwa. Alipokuwa anarudi kwao akatuachia, maana tulikuwa tukimfulia. Maandishi yake si Kiswahili wala si Kiarabu, hatujui hata ni lugha gani. Tuliletewa na gari ya ng'ombe kutoka pale motokaa zinapokomea, maana ujia wetu hata pikipiki mbili hazipishani.

Tukaiweka chumba cha mbele. Nikaifutafuta, nikaitandikia juu kitambaa changu cha kufuma, kama ninavyofanya friji na kama anavyofanya kila mtu mwenye heshima zake. Bomba tukalitoa dirishani, likachungulia nje juu ya baraza.

Hapo ndipo makosa yangu yalipoanzia. Nnayasema mwenyewe kabla hamjanisemea.

Baraza letu, wakuu, lina wenyewe. Yaani nyumba ni yangu na baraza ni la nyumba, lakini wazee wa mtaa wanacheza dhumna pale tangu mume wetu yu hai. Mkubwa wao ni Mzee Makame, mtu mwema, mpole, kilemba chake hakilegei. Siku ya tatu ya draya akanigongea dirisha kwa adabu.

"Bi Mashavu."

"Naam."

"Usinielewe vibaya. Mashine yako inatupumulia."

"Inawapumulia vipi?"

"Usoni. Hewa ya moto, na ina manyoyamanyoya. Tena Bi Mashavu, samahani sana, ni mashuka ya watu waliyolalia. Sisi tunakwenda msikitini na nyuso hizi hizi."

Wakuu, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mie niliyelelewa nisipite mbele ya wazee bila kusema samahani, leo nawapulizia vumbi la vitanda vya wageni! Nikachukua kanga kuukuu, nikaikunja mara nne, nikaifunga kwenye mdomo wa bomba kwa kamba ya katani. Nikaikaza vizuri. Wazee wakanishukuru. Mzee Makame akasema kweli mie mtoto wa watu.

Mize alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono kiunoni.

"Mashavu, utaikaba roho hiyo."

"Kanga si bati. Nguo inapitisha hewa."

"Haya. Jifunge weye kanga mara nne puani ulale nayo, kesho unambie."

Nikamwambia aende akakoroge sabuni.

Basi. Wiki ya kwanza ikawa nzuri. Wiki ya pili naona shuka zilizokuwa zikikauka kwa mwendo wa kupika wali sasa zinachukua mwendo wa kupika maharage. Nikasema masika hayo, unyevu. Nikaja kusema umeme mdogo. Nikasema na Mize anajaza kupita kiasi. Nilikuwa na mtu wa kumlaumu kila siku, na siku zote hakuwa mie.

Jumanne ile ikaja kukataa kabisa. Inazunguka, inanguruma, taa inawaka, lakini ukitia mkono ndani baridi kama mtungi.

Na Jumanne ile ndiyo aliyokuja Rahma, msichana anayesimamia ile nyumba ya wageni. Kaja na mvua, buibui limemganda, kabeba mafurushi manne. Akaniamkia, nikamuitikia, lakini alikuwa hanitazami usoni.

"Bibi, Alkhamis wanaingia wageni vyumba vyote tisa. Bosi kasema mashuka yawe makavu kabla ya adhuhuri."

"Lini hayajawa makavu?"

"Wiki iliyopita manne yalikuwa na unyevu, bibi. Mgeni alilalamika." Akakamua pembe ya buibui lake. "Bosi kasema yakiwa hivyo tena, kazi anawapa wale wenye mashine kubwa wanaofulia mahoteli ya mashamba, nje ya mji. Si mie, bibi. Wallahi si mie."

 Nilipokea mafurushi. Miaka yote ile ya beseni, leo neno "unyevu" limetajwa mlangoni mwangu.

Ndipo nikaandika humu kuomba msaada. Nikaandika vizuri tu: draya yangu inazunguka lakini haitoi joto, nifanye nini, nina mashuka ya watu.

Majibu yenu nimeyaweka moyoni. Mmoja akasema iuze chuma chakavu ununue sukari. Mmoja akaniuliza kama hiyo draya ni ya mkaa. Na mmoja, huyu nnamtafuta, akaandika: "Bibi aache mashine, arudi kwenye tasbihi yake."

Sawa.

Katika nyote alikuwapo mmoja tu aliyeuliza la maana. Aliuliza: inazunguka bila joto, au haizunguki kabisa? Nikamwambia inazunguka. Akasema basi mota nzima na umeme unafika, tafuta nyuma ya mashine kidude kidogo chekundu kama kifungo cha shati. Ikipata moto kupita kiasi kile kidude kinaruka chenyewe kinakata joto. Chomoa plagi kwanza, iache ipoe, ndio ukibonyeze. Ndiyo riseti yake hiyo.

Kijana, popote ulipo, Mungu akuzidishie.

Lakini mie sikukusikiliza mara moja, na hilo nalo nnalikiri. Nilisema mambo ya umeme yana wenyewe. Jumatano asubuhi nikamwita fundi.

Kaja fundi, kanukia mafuta mazuri, kifuani bisibisi tatu kazipanga kama kalamu. Akaomba chai. Akaiwasha draya, akatia mkono ndani, akautoa. Kikombe akakiweka juu ya kitambaa changu cha kufuma.

"Bibi, hita imeungua."

"Hita iko wapi?"

Akaonyesha kwa kidole, mbele. Akafikiri, akaonyesha pembeni.

"Umeijuaje imeungua na hujaifungua?"

"Uzoefu, bibi. Hii ishakufa. Spea yake Unguja nzima hakuna. Lakini mie ntakusaidia, ntaichukua hivi hivi nikutolee uchafu ndani."

"Utanisaidia kwa kunichukulia?"

"Bibi, haya mambo ya umeme. Si kuni."

Wakuu, mie sikusoma sana. Lakini nimewahi kupelekwa kwa daktari, na daktari hata akiwa na haraka humvua mgonjwa nguo akamtazama. Huyu hakuitoa ukutani. Hakuipindua. Hata kitambaa changu hakukivua! Kaitwisha kikombe cha chai kichwani kisha kaiandikia kufa.

Nikauondoa mkono wake aliokuwa kauegemeza juu ya mashine yangu.

"Mwanangu, maliza chai yako. Kisha mlango ule pale."

"Utaniita tu, bibi."

"Ntakuita siku ya maziko yangu. Uje ubebe jeneza, maana naona kuchukua vitu vya watu unajua."

Mize alicheka mpaka akakaa chini. Lakini fundi alipokwenda zake kicheko kikakatika. Alitazama mafurushi manne pale sakafuni, akanitazama mie.

"Sasa?"

"Sasa tuishike wenyewe."

"Na ikitupiga?"

"Plagi tunachomoa. Mashine isiyokuwa na plagi ni kabati."

Tukachomoa. Tukaivuta na Mize, mie nashika huku, yeye kule, kama shuka. Nzito hiyo! Nyuma yake, wakuu, kulikuwa na vumbi la nguo limelala nene kama pamba ya mto. Nikapangusa kwa brashi ya utando wa buibui. Nikavaa miwani yangu. Na kweli, chini upande wa kulia, kitundu, na ndani ya kitundu kidude chekundu. Kama kifungo cha shati, vilevile alivyosema.

Nikachukua kijiti cha mswaki, mti mkavu, si chuma. Nikasema bismillahi. Nikabonyeza.

Tki.

Tukachomeka plagi. Tukaiwasha. Nikatia mkono ndani, na mkono ukapokelewa na joto kama la chungu kilichofunuliwa.

Mize akapiga vigelegele. Na mie nikapiga. Barazani nje Mzee Makame akauliza nani kaolewa.

Tukatia mashuka sita. Tukakaa kwenye mkeka kama maharusi.

Haikufika mbali, ikawa baridi tena.

Mize akanigeukia. "Vigelegele vyangu nirudishie."

Hapa, wakuu, ndipo wengi wenu mngeishia. Mngesema fundi alisema kweli. Na mie, nnakiri, nilifanya ujinga: nikachomoa, nikangoja, nikabonyeza tena. Ikashika joto, ikazima. Nikabonyeza mara ya tatu. Na mara ya tatu nikasikia harufu. Harufu ya uzi unaoungua, kama unapopitisha pasi ya moto juu ya fulana ikaganda.

Mize akasema kwa sauti ndogo, si ya kijembe, "Mashavu. Juu boriti tupu."

Nikatazama juu. Dari ya nyumba zetu ni miti. Nyumba ya huyu inaegemea ya yule. Nikachomoa ile plagi kwa nguvu mpaka nikajigonga kiwiko, na hapo nikakaa chini nikafikiri, kitu nilichopaswa kufanya tokea asubuhi.

Kile kidude chekundu hakikuwa na ugonjwa. Kile ni mlinzi. Kinaona moto umezidi, kinafunga mlango. Mie kila nikikibonyeza nnamzaba kofi mlinzi nikimwambia afungue, bila kumuuliza kaona nini.

Basi kitu gani kinazidisha moto?

Pasi ya mkaa, mie nimepigia miaka. Ina matundu pembeni. Ukiyaziba matundu, joto linakosa pa kutokea linarudi kwenye mpini linakuunguza wewe. Nikasema mashine hii nayo lazima kuna mahali inashindwa kutoa.

Sasa nikataka kupima. Saa ya ukutani imekufa siku nyingi, simu imo kwenye chaji chumbani. Nikachukua tasbihi yangu.

Naam. Ile ile.

Nikaiacha mashine ipoe sawasawa. Nikabonyeza kidude, nikaiwasha tupu, haina nguo hata moja ndani, mkono wangu kwenye plagi, nikaanza kuvuta tasbihi taratibu. Mize mkono wake mlangoni mwa mashine, kila duru moja nikimaliza anatazama kama joto lipo. Duru ya kwanza lipo. Ya pili lipo. Duru ya saba likakata.

Saba, nikaiweka kichwani.

Kisha nikabadilisha kitu kimoja tu. Kimoja. Msibadilishe vitu vitatu kwa pamoja mkaja mkashindwa kujua kilichoponyesha. Nikatoa filta. Filta ni ile chekeche ndogo mlangoni inayokamata manyoya ya nguo. Tulikuwa tunaipangusa kwa juu juu tu. Safari hii nikaitoa yote, nikaisugua kwa brashi na sabuni. Maji yakasimama juu yake kwanza kama kwenye sahani, hayapiti! Nikasugua mpaka yakapita. Nikaikausha, nikairudisha.

Mashine ilikuwa imepoa, nikabonyeza kidude, tasbihi tena. Duru ya saba lipo. Ya tisa lipo. Ya kumi na moja likakata.

"Tumeongeza nne," nikasema.

"Kwa hivyo bado," akasema Mize.

Bado. Nikaanza kulishika bomba. Karibu na mashine lilikuwa moto hata nikajiunguza, ndilo hili lengelenge. Nikafuata mpaka dirishani, moto. Mashine nikamwachia Mize inazunguka, nikavaa buibui nikatoka nje kwenye baraza.

Mvua ilikuwa inanyesha, wazee wamejibana chini ya upenu, dhumna zinagongwa. Nikanyoosha mkono pale kwenye mdomo wa bomba, juu ya kanga yangu. Nilitarajia upepo.

Hakuna.

Nikaiminya ile kanga. Ilikuwa si kanga tena. Manyoya ya wiki mbili nzima yamejishindilia ndani yake, yameloa, yamekauka, yameloa tena, imekuwa ngumu kama godoro la mgonjwa. Hata maandishi yake hayasomeki.

Nikasimama pale, wakuu, nikajua. Niliyalaumu masika, nikaulaumu umeme, nikamlaumu Mize. Fundi naye hakujua kitu, sawa. Lakini aliyeiziba pumzi mashine yangu ni mie, kwa adabu zangu.

Nikatoa kisu mfukoni kukata kamba. Mzee Makame akaniona.

"Bi Mashavu, tafadhali, usiifungue sasa. Tumo mchezoni."

"Lazima niifungue."

"Si tulikubaliana?"

Wengine wakadakia. Mmoja akasema wanawake siku hizi na mashine zao. Mmoja akasema hewa ya mashuka si ya kupuliziwa wazee, yafaa nianike kama mama zetu walivyokuwa wakianika.

Hilo la mama zetu ndilo lililonipandisha.

"Mzee Makame, baraza hili la nani?"

Akaiweka chini dhumna aliyoishika.

"La kwako, Bi Mashavu."

"Limejengwa na nani?"

"Babu yake marehemu."

"Nimewahi kuwafukuza?"

"Haijatokea."

"Basi nisikilizeni. Mama zetu walianika jua likiwapo. Leo jua halipo na ndani nina mashuka ya vyumba tisa, na kazi hii ndiyo inayotulisha mie na Mize, hatulishwi na mtu mwengine. Nimewaonea haya mpaka nikakaribia kuichoma nyumba, na ya kwangu ikiwaka ya kwako, Mzee Makame, ndiyo inayofuata. Haya hayo nimeyamaliza. Toka asubuhi mpaka alasiri bomba hili litapumua. Baada ya alasiri ntazima, baraza lenu, chezeni mpaka mchoke. Asiyetaka mvuke asogee mwisho kule. Baraza refu."

Nikakata kamba.

Kwa kuwa Mize ndani alikuwa kashaizima mashine hakikutoka kitu, wakabaki wananitazama na kanga mkononi. Mzee Makame akakohoa. Akachukua dhumna zake akahamia mwisho wa baraza, wengine wakamfuata. Yule wa mama zetu akasogea wa mwisho, lakini alisogea.

Nikarudi ndani. Nikalichomoa bomba, tukalikung'uta na Mize uani, yakatoka madonge ya manyoya ungedhani tumemchinja paka. Nikalirudisha, nikalinyoosha lisiwe na kona. Mdomoni nikafunga wavu wa dirisha wenye matundu makubwa, panya asiingie. Mashine nikaiweka mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Kitambaa cha kufuma nikakikunja nikakitia sandukuni. Friji haipumui moto juu, ivae. Draya ikae wazi.

Kijiti cha mswaki. Tki.

Tasbihi.

Duru ya saba joto lipo. Ya kumi na moja lipo. Ya kumi na tano. Ya ishirini nikaacha kuhesabu, nikawa namshukuru Mungu tu bila ya hesabu. Nje nikasikia bomba linavuma, fuuu, kama mtu aliyetoka kupiga mbizi.

Tukatia mashuka. Yakatoka makavu. Tukatia mengine.

Tulipokuwa tunakunja furushi la pili, alasiri haijaadhiniwa, nikajua limebaki jambo moja, na hilo lilikuwa zito kuliko draya, kuliko fundi na kuliko wazee wa baraza wote kwa pamoja.

"Mize."

"Labeka."

"Ile siku ya kanga. Ulisema kweli."

Akaendelea kukunja. "Sijasikia. Mvua inapiga kelele."

"Nimesema ulisema kweli."

"Nani?"

"Wewe."

"Mie nani?"

"Wewe Mize, mke mwenza wangu, ulisema ntaikaba roho, na niliikaba, na ulisema kweli!"

Nilipaza sauti kweli kweli. Nje mwisho wa baraza Mzee Makame akaitikia, "Tumesikia, Bi Mashavu!"

Mize akaikunja ile shuka pembe kwa pembe, akaiweka juu ya furushi akaipiga kofi mbili.

"Miaka thelathini na mbili nimeingoja hiyo," akasema. "Nikaribishe na chai basi."

Nikamtengenezea. Na iliki nikatia.

Alkhamis Rahma kaja saa nne asubuhi, bado hanitazami. Akafungua furushi la kwanza, akatia mkono katikati, pale ambapo unyevu hujificha. Akafungua la pili. La tatu akalitia pua.

"Bibi, yana joto."

"Mwambie bosi wako ayapeleke kwa wenye mashine kubwa wakaone namna shuka inavyokuwa kavu."

Akacheka mpaka machozi. Hakusema tena neno la kutunyang'anya kazi. Kabeba mafurushi yake kaenda, na Ijumaa kaleta mengine kama kawaida.

Sasa mafunzo, kwa wenye draya na wanaotaka kununua mtumba.

Ikizunguka bila joto msikimbilie kusema imekufa. Chomoeni plagi, ipoe, tafuteni kile kidude chekundu. Mashine nyengine hakionekani mpaka uifungue, na hapo mwiteni fundi anayefungua, si anayekunywa chai. Lakini mkishabonyeza mara moja na ikarudia kuzima, basi! Msibonyeze ya pili wala ya tatu kama nilivyofanya mie. Tafuteni pumzi ilipozibwa. Filta, bomba, mdomo wa bomba nje. Na harufu ya kuungua mkiisikia, plagi kwanza, maneno baadaye.

La pili ni la kwangu, mlichukue mkitaka. Adabu ni kitu kizuri na mie sijaiacha. Lakini nilimsitiri kila mtu uso wake nikasahau kwamba kazi yangu nayo ina pua. Sirudii.

Fundi yule nasikia anasema mtaani kuwa alinielekeza yeye. Apite hapa anielekeze tena, kitambaa nshakitoa juu, atakosa pa kuweka kikombe.

Haya, uwanja wenu. Mwenye swali la draya aulize, ntamjibu kwa kidole changu hiki hiki, taratibu. Mwenye kucheka acheke, humu si msibani.

Ila wa kwanza kuandika awe wewe uliyesema nirudi kwenye tasbihi yangu. Nilirudi, mwanangu. Ndiyo niliyopimia. Sasa njoo uniambie wewe siku ile ulikuwa umeshika nini mkononi.